MAGAMBA YA CHUMA HULA MAKALI YA PANGA



Kwa mkata miwa anayelipwa kwa kipande, panga butu ni mshahara uliopunguzwa. Lakini si kila panga butu limenolewa vibaya. Mengi huharibika motoni, kabla hayajafika shambani.

Hapa Kampala, mafundi wa Katwe hufua mapanga na visu kwa vyuma vya magari yaliyochakaa, hasa springi za lori. Chuma hicho ni kizuri kwa sababu kina kaboni ya kutosha, karibu sehemu 6 katika kila sehemu 1,000. Kaboni hiyo ndiyo inayoyafanya makali yawe magumu, chuma chekundu kinapotumbukizwa katika mafuta.

Adui ni hewa. Chuma chekundu kikikutana nayo, hugeuka magamba meusi. Chini ya magamba hayo kaboni nayo huungua, na ngozi ya chuma hubaki laini. Panga linaonekana zima, kumbe makali yake yatapinda.

Tuliwahi kuitwa katika karakana moja ambako wenzetu wawili walikatwa mshahara, ati wameharibu mapanga. Tulitazama moto wao. Feni ilikuwa ikipuliza kwa nguvu zote, na panga limelala juu ya makaa machache. Makaa hayo walikuwa wanapimiwa na msimamizi! Kosa halikuwa la mikono yao.

Basi tufanye hivi:

Kwanza, makaa yawe mengi na panga lizame ndani yake, mbali na tundu la hewa. Makaa huimaliza hewa kabla haijafika kwenye chuma. Feni ipunguzwe.

Pili, panga lisafishwe kwa tupa, kisha lipakwe uji mwembamba wa udongo wa mfinyanzi na unga wa makaa. Mpako ukauke kabisa, la sivyo utapasuka. Ukiwa mnene, mafuta hayatapoza chuma upesi.

Tatu, mapanga yakiwa mengi, yatiwe katika sanduku la chuma pamoja na vipande vya makaa, na kifuniko kizibwe kwa udongo. Tusitumie bati lenye zinki, moshi wake huleta homa. Sanduku lifunguliwe penye upepo, maana gesi ya makaa haina harufu nayo huua.

Nne, tusikawize. Chuma kikifika karibu digrii 770, sumaku haikishiki tena. Kiongezwe moto kidogo, rangi ienee, kisha kiingie katika mafuta mara moja. Baadaye kipashwe tena kwa joto dogo, kisivunjike kama kioo.

Mwisho, makali yaachwe na unene kidogo kabla ya moto. Ngozi laini ikitokea, jiwe la kunolea litaiondoa.

Magamba huruka machoni nyundo inapopiga. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga bila malipo. Tudai miwani. Na Sheria ya Ajira ya mwaka huo huo haimruhusu mwajiri kukata mshahara apendavyo.

Wale wenzetu wawili walirudishiwa fedha zao, kwa kuwa tuliweza kueleza kazi ya moto mbele ya mkubwa. Anayeijua kazi yake hasingiziwi kwa urahisi. Umoja ni nguvu.