Daimondi za bure kwenye simu ya mama

"Oya mwana, ni mimi. Akaunti yangu ya zamani imefungwa, nikubali huku. Leo wanatoa daimondi 5,000 bure, ingia hapa fasta kabla hawajafunga."

Ujumbe wa aina hii huingia ndani ya gemu dakika chache baada ya ombi la urafiki kukubaliwa. Jina ni lile lile la mwanafunzi mwenzake, labda limeongezwa kinyota mwishoni. Picha nayo ni ya kweli, imechotwa Facebook. Kiswahili ni cha kijiweni, kimenyooka, siyo kile cha kuungaunga kilichokuwa kinawaumbua matapeli zamani. Mtoto wa darasa la sita pale Tandika, aliyepewa simu ya mama kwa nusu saa tu na bando linakaribia kuisha, atabonyeza. Mimi nisingemshangaa.

Daimondi ni fedha ya ndani ya Free Fire, gemu ya kampuni ya Garena ya Singapore iliyotoka mwaka 2017. Ukipita Mbagala, Yombo au Buza wakati wa likizo ya Juni au Desemba, utawakuta vijana wanne wameinamia simu barazani, kila mmoja anampigia kelele mwenzake amfuate au ajifiche. Gemu hii imeshika uswahilini kwa sababu rahisi: inakubali kwenye simu ya bei nafuu. Kucheza ni bure. Kinachouzwa ni mapambo, yaani nguo za mchezaji, rangi za bunduki na mbwembwe za kucheza baada ya kuua. Anayeingia na nguo za kuanzia anachekwa na kikosi kizima, na kwa mtoto wa miaka kumi na miwili kicheko hicho kinauma kuliko fimbo. Tapeli anakijua kicheko hicho vizuri sana.

Linki ile ikifunguka inaleta ukurasa wenye rangi na nembo za gemu, halafu kisanduku cha kuingilia kinachofanana na cha Facebook. Wachezaji wengi wa Free Fire wamefungua akaunti zao kupitia Facebook au Google, kwa hiyo mtoto haoni ajabu kuombwa nenosiri. Akiliandika, linakwenda moja kwa moja kwa mtu aliyetengeneza ukurasa huo. Gemu imekwenda, na Facebook imekwenda nayo. Jioni hiyo hiyo akaunti yake itaanza kuwaandikia marafiki: "Oya mwana, ni mimi."

Kuna jambo moja ambalo lingewaokoa wengi kama lingejulikana barazani. Daimondi za kununua huingizwa kwa namba ya mchezaji, ile inayoonekana na kila mtu kwenye wasifu wake. Kwa kuwa watoto wetu hawana kadi za benki, wengi hununua kwa madalali wa kwenye makundi ya WhatsApp na kulipa kwa simu. Dalali wa kweli anahitaji namba hiyo na hela yake, basi. Akikuomba nenosiri, au akikwambia uingie kwenye linki "kuthibitisha akaunti", hapo hakuna daimondi.

Sasa tuje kwenye simu yenyewe, maana hapa ndipo ushauri mwingi unaotoka Ulaya na Marekani unapotupa mgongo. Unachukulia kwamba mtoto ana kifaa chake, barua pepe yake, na mzazi ana kifaa kingine cha kumsimamia. Kampuni ya gemu ya Roblox, kwa mfano, tangu Novemba 2024 imezuia watoto wa chini ya miaka 13 kutumiana ujumbe wa faragha nje ya michezo bila idhini ya mzazi. Ni hatua nzuri. Ila mtoto anayetumia akaunti iliyofunguliwa na kaka yake, na mwaka wa kuzaliwa uliobandikwa kwa kukisia, kwa kampuni hiyo anaweza kuhesabiwa mtu mzima. Na katika nyumba nyingi za Temeke simu yenye intaneti ni moja. Ndiyo gemu, ndiyo tuisheni, ndiyo M-Pesa, ndiyo kundi la kikoba.

Kikoba ndicho kinachonitisha zaidi. Rafiki wa kwenye gemu hana haraka. Anacheza na mtoto siku kadhaa, anamsaidia kushinda, anamfunika risasi zikizidi. Kisha anaomba namba ya WhatsApp "ili tupangane vizuri". Siku inayofuata anasema: "Kuna namba sita zimeingia kwako kwenye meseji, nimekosea nikatuma kwako badala ya kwangu, hebu nisomee." Namba hizo sita ni za WhatsApp ya mama. Tapeli ameandika namba ya simu ya mama kwenye WhatsApp ya simu yake mwenyewe, na WhatsApp imetuma uthibitisho mahali inapopaswa kutuma. Mtoto akizisoma, WhatsApp ya mama inahamia kwa tapeli.

Hapo gemu imekwisha na kazi imeanza. Wanawake thelathini wa kikoba wanapata ujumbe kutoka kwa mwenzao wa miaka yote: nimekwama hospitali, mwenye elfu hamsini anirushie kwenye namba hii, kesho narudisha. Nani atabisha? Jina lake, picha yake na mtoto, hata salamu zake za zamani zinaonekana juu ya ujumbe huo. Mama mwenyewe yuko sokoni na kapu lake, hana habari.

Dawa ya hili ni ya dakika mbili na haina gharama. Ndani ya WhatsApp, kwenye Mipangilio, sehemu ya Akaunti, kuna uthibitishaji wa hatua mbili. Mama aweke namba yake ya siri ambayo mtoto haijui. Hata mtoto akizisoma zile namba sita, tapeli atakwama mlangoni akidaiwa namba nyingine. Na kama ameshaingia, mama aisajili upya WhatsApp kwenye simu yake, aingize namba sita mpya zitakazokuja kwa meseji. Tapeli atatolewa hapo hapo. Ikiwa tapeli alishaweka namba yake ya hatua mbili, mama atasubiri siku saba kabla ya kurudi, lakini mwizi naye atakuwa nje. Wakati huo awapigie wenzake wa kikoba kwa sauti. Asiwaandikie.

Hatari nyingine huja kwa sura ya mpira. Wapenzi wa Dream League Soccer, gemu ya First Touch Games ya Uingereza, wakitaka kuivalisha timu yao jezi za Simba au Yanga hutafuta linki ya picha ya jezi, wanainakili na kuibandika ndani ya gemu. Njia hiyo imewekwa na wenye gemu wenyewe na haina ubaya. Ila imewazoesha vijana kuokota linki za watu wasiowajua, na kutoka kwenye picha ya jezi hadi faili zima la APK linalosifiwa kuwa na Ligi Kuu yote pamoja na hela zisizoisha ni hatua moja tu. Faili hilo haliko Play Store. Simu inauliza kama unaruhusu programu kutoka chanzo kisichojulikana, kijana anakubali. Inaomba ruhusa ya kusoma meseji, anakubali. Gemu ya mpira inataka kusoma meseji kwa kazi gani? Kwenye meseji ndiko zinakopita namba za uthibitisho za benki, za Facebook na za WhatsApp.

Wazungu nao yaliwakuta. Mwaka 2018 Epic Games ilipoitoa Fortnite ya Android nje ya Play Store, mafaili bandia yenye jina hilo yalizagaa duniani. Kwenye Steam, wanakocheza wenye kompyuta, rafiki mpya hukuambia amekuripoti kimakosa na kukuelekeza kwenye mtandao wa gumzo wa Discord kwa "afisa" atakayekusaidia, naye afisa huyo ni yeye mwenyewe au mwenzake. Vibanda vyetu vya gemu havina Steam nyingi, lakini uongo ule ule wa "nimekosea" ndio unaotumika kuomba namba sita.

Kuhusu kuisoma linki, nimesikia watu wakiambiwa waangalie kama ina alama ya kufuli. Kufuli halisemi mwenye tovuti ni mwaminifu. Linasema tu mawasiliano yamefichwa njiani, na matapeli nao wana makufuli. Linki isomwe kama daladala. Mpiga debe pale Rangi Tatu anaweza kupiga kelele "Posta, Posta" hadi sauti imkauke, lakini gari linakwenda kule kulikoandikwa kwenye kibao chake. Kibao cha linki ni maneno yanayokaa mwisho, kabla tu ya mkwaju (/) wa kwanza baada ya jina la tovuti. Jina la Garena likitangulia, kisha zikafuata nukta na maneno mengine ya zawadi na bahati, basi Garena hapo ni sauti ya mpiga debe. Njia fupi zaidi ni kutoigusa kabisa linki: fungua gemu yenyewe, na kama kuna zawadi utaikuta humo.

Haya yote mtoto anaweza kufundishwa kwa jioni moja. Kigumu zaidi kiko upande wetu wazazi. Mtoto aliyebonyeza linki mara nyingi hujua ndani ya saa moja kwamba amefanya kosa, maana gemu inamtoa na hairudi. Hasemi, kwa sababu anaijua fimbo. Anafuta meseji, anarudisha simu juu ya kabati, analala. Tapeli anapata usiku mzima. Nasema bila kumung'unya: kipigo kinamnufaisha mwizi kuliko nenosiri dhaifu. Na mambo yakifika kwenye vitisho, mtu akamwambia mtoto atume picha za utupu au atazisambaza alizonazo, ukimya huo unaweza kumharibia maisha. Namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, ipo kwa ajili hiyo, na Dawati la Jinsia na Watoto lipo polisi.

Akisema mapema, kuna la kufanya. Badilisha nenosiri la Facebook na la barua pepe kwa kutumia simu nyingine, kisha toa vifaa vyote vilivyoingia. Futa programu iliyookotwa nje ya Play Store. Badilisha namba ya siri ya M-Pesa, au Mixx, au Airtel Money, hasa kama mtoto huwa anatumwa kwa wakala na anaijua. Hela ikiwa imeshatoka, piga huduma kwa wateja, 100, ueleze muamala upi. Wakati mwingine huzuiwa kabla haijatolewa. Ukienda polisi, Chang'ombe au kituo cha karibu, nenda na picha za mazungumzo yote, siyo simulizi tu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 15, inataja kujifanya mtu mwingine kuwa kosa, kwa hiyo lile jina lenye kinyota ni ushahidi. Usilifute kwa hasira.

Jina la kwenye gemu halina alama ya kidole. Anayejiita hivi leo kesho anajiita vingine, na mamlaka haina daftari lake. Laini ya simu ndiyo yenye kidole, tangu usajili wa alama za vidole ulipoanza mwaka 2019, na tapeli wa gemu, hata akizunguka vipi, mwisho lazima hela aipokee kwenye laini. Ndiyo maana TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, imeweka namba 15040: unautuma huko ujumbe wa kitapeli na kuitaja namba iliyoutuma, ili laini hiyo ishughulikiwe.

Laini hizo huwa na majina ya watu, na mara nyingi siyo ya matapeli. Ni ya watu waliosajili laini barabarani, kwa kijana mwenye kijimashine aliyewaambia kidole hakijasoma, weka tena, na kile kidole cha pili kikafungua laini nyingine wasiyoijua. Piga *106# uone zilizo chini ya kitambulisho chako. Ukikuta usiyoitambua, nenda na namba yako ya NIDA kwenye duka la kampuni yenye laini hiyo, uombe ifutwe.