Mtoto wa Damu Moja na Malezi Mengine

Asimamaye Busisi, upande wa Sengerema, akaelekeza uso ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, huwa ameielekea nchi ya Bukumbi, ambako Mapadri Weupe waliohama Buganda mwishoni mwa 1882 walifanya maskani pamoja na mayatima waliowakomboa utumwani, wakawalea kwa dini na desturi zisizokuwa za wazazi wao. Vitabu vya tarikhi vina mengi ya mapadri hao na machache ya watoto wale.

Twamjua zaidi mwenzao wa mbali, Adrien Atiman, aliyezaliwa yapata 1866 katika nchi ya Timbuktu, akatekwa, akauzwa, akakombolewa na mapadri wa shirika hilohilo katika Algeria, kisha akapelekwa Malta kusomea utabibu. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akawatibu watu wa huko hata alipofariki 1956. Ngozi yake ilikuwa kama ya wenyeji, ilhali elimu na ibada yake vilitoka kwa Wazungu; kwa hawa hakuwa Mzungu, na kwa Wabende, wenyeji wa Karema, alikuwa mgeni kama Wazungu hao. Alimwoa Agnes Wansahira, binti wa mtawala wa Wabende, akapata wakwe wa kumstahi na mashemeji wa kumtania, na kwa rai yangu hilo lilimpa makazi kuliko shahada ya Malta.

Siku hizi Sheria ya Mtoto ya 2009 yamtaka mgeni atakaye kuasili mtoto awe amekaa Tanzania miaka 3 mfululizo. Sharti hilo lina busara, ila hakuna hakimu awezaye kumzuia jirani asiulize mbona mtoto hafanani na mamaye. Naye kijana mzaliwa wa huku aliyeasiliwa akakulia Uholanzi akishuka sokoni Sengerema, muuza sangara humwamkia, "Mwangaluka!", maana sura ni ya hapahapa; lakini yakifuata maulizo ya baba na ukoo, kijana hubaki kutabasamu tu.

Walezi wengi, kwa wema wao, huona haya kuitaja rangi, na mtoto akadhani kimya kile ni aibu. Heri aambiwe mapema alikozaliwa, wala asipokonywe jina lake la awali. Atiman alilichukua jina la kwao pamoja na lile la ubatizo, na habari za maisha yake zilipochapishwa 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records, Tundurma, kijiji chao kwenye mto Niger, hakikuachwa.