Kwa Nini Motokaa Zilizolingana Hazilingani kwa Petroli?

Si mara chache dereva hutuhumiwa wizi asioufanya. Ametumwa Morogoro kutoka Dar es Salaam, kwenda na kurudi, mwendo unaokaribia kilomita 400, naye amerudi akiwa ametumia lita 6 zaidi ya dereva wa jirani aliyesafiri siku hiyo hiyo kwa motokaa ya ukubwa ule ule. Milango minne huku, milango minne kule. Watu watano huku, watu watano kule. Basi hizo lita 6 zimekwenda wapi? Jibu linalomjia tajiri upesi ni kwamba zimenyonywa kwa mpira na kuuzwa njiani. Huenda. Lakini kabla mtu hajafukuzwa kazi, fizikia ya shule ya sekondari ina ushahidi wa kutoa.

Tuanze na swali ambalo wengi hawalijiulizi: katika barabara tambarare, petroli inafanya kazi gani hasa? Kwa mujibu wa kanuni ya kwanza ya Newton, motokaa iliyokwisha kupata mwendo wake isingehitaji kusukumwa tena, lau kama pasingekuwapo na kani za kuizuia. Kani zenyewe ni mbili kubwa. Ya kwanza ni ya hewa. Ya pili ni ya matairi, ambayo hubonyea yanapogusa ardhi na kurudia umbo lake yanapoiacha, na kila mara sehemu ya nishati hupotea kuwa joto. Ndiyo maana tairi lisilojazwa upepo wa kutosha hula petroli.

Sisi hupima ukubwa wa motokaa kwa urefu wake na viti vyake, lakini hewa haihesabu viti. Hewa hukutana na uso wa mbele, kisha hutegemea jinsi mgongo wa motokaa unavyoiachia: ikiachiwa taratibu hufuata umbo, ikiachiwa ghafla huvurugika na kuacha nyuma eneo la kanieneo ndogo linaloivuta motokaa kinyumenyume. Wahandisi hulipima umbo kwa namba. Kadiri namba ilivyo ndogo, ndivyo hewa inavyopenywa kwa urahisi. Volkswagen ile ya mgongo wa mviringo, ambayo wengi hudhani ni hodari wa kupenya hewa, namba yake ilikuwa karibu 0.48. Audi 100 iliyotolewa mwaka 1982, ingawa ni kubwa zaidi, ilipata 0.30.

Hebu sasa tupige hesabu. Chukua motokaa mbili, kila moja ikiwa na uzito wa kilo 1,200 na uso wa mbele wa meta za mraba 2.1, zikienda kilomita 80 kwa saa. Matairi ya kila moja yanazuia kwa kani ya nyutoni 120 hivi. Yenye umbo la 0.30 inazuiwa na hewa kwa nyutoni 190, yenye 0.45, kwa nyutoni 280. Jumla ni 310 kwa moja na 400 kwa nyingine. Zidisha kwa meta 100,000, yaani kilomita 100, upate kazi ya jouli milioni 31 na jouli milioni 40. Lita moja ya petroli ina jouli zipatazo milioni 32. Kumbe lita moja tu, au moja na robo, ingetosha kwa safari hiyo!

Haitoshi, kwa sababu injini si mtumishi mwaminifu. Tukikadiria ufanisi wa asilimia 20, sehemu nne kati ya tano hutoka kama joto kwa njia ya rejeta, bomba la moshi na msuguano. Basi motokaa ya kwanza itahitaji lita 4.8 na ya pili lita 6.3 kwa kila kilomita 100. Kwa kilomita 400 tofauti ni lita 6, zile zile alizotuhumiwa dereva wetu.

Injini nazo hutofautiana hata ndani ya mabodi yanayofanana. Kazi tuliyoihesabu inadai kilowati 7 hadi 9 tu, hali injini nyingi zina uwezo wa 70 au zaidi. Injini ya petroli inayofanya kazi ndogo kuliko uwezo wake hubanwa pumzi: kilango cha hewa hufunguliwa kidogo tu, na pistoni hutumia nguvu kuivuta hewa hiyo. Kwa hiyo injini ya lita 2 mara nyingi hutumia petroli nyingi kuliko ya lita 1.3 katika mwendo ule ule wa taratibu.

Mjini mambo hugeuka. Hewa hupungua umuhimu, uzito hutawala. Motokaa yetu ya kilo 1,200 ikifikia kilomita 50 kwa saa huwa na nishati mwendo ya jouli 116,000, na breki huigeuza yote kuwa joto. Kuirudisha kunagharimu mililita 18 za petroli, vijiko vitatu na nusu vya chai, kila unaposimama. Toyota Prius, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1997, hurudisha sehemu ya nishati hiyo katika betri.

Tajiri anayetaka ukweli na afanye jaribio. Motokaa zote mbili zijazwe petroli kwenye pampu moja, matairi yapimwe upepo, keria zitolewe, ziende njia moja kwa mzigo sawa, zijazwe tena na lita ziandikwe. Kisha madereva wabadilishane motokaa, safari irudiwe. Lita za ziada zikibaki na motokaa, dereva hana kesi. Zikimfuata dereva, aulizwe kwanza mwendo wake: akienda kilomita 100 kwa saa badala ya 80, zile nyutoni 280 za hewa huwa karibu 440.