VIDUDU KATIKA MAJI YA MIMEA YA NDANI



Familia nyingi hupanda kivumbasi, mchaichai au vitunguu vya majani katika makopo ya mafuta na kuyaweka ndani, ili mbuzi na kuku wasiifikie mimea hiyo. Wengine huweka matawi ya kivumbasi katika chupa ya maji ili yatoe mizizi. Baada ya siku chache, hasa kama maji yalitekwa Ziwa Mweru, upande wa Kabuta na vijiji vya jirani, mtu huona vidudu vikirukaruka ndani ya chupa au katika kisahani kilicho chini ya kopo. Je, ni vidudu gani? Vina madhara?

VIDUDU HIVI NI NINI?

1. Viroboto wa maji. Ni wadogo kama nukta, weupe au wa kijivu, nao huenda kwa kurukaruka. Majike ya aina moja hubeba vifuko viwili vya mayai mkiani. Huishi ziwani, mitoni na visimani, nao huingia nyumbani ndani ya dumu. Hawaumi mtu wala hawali mmea.

2. Viluwiluwi vya mbu. Ni virefu kama uzi mfupi na hujipinda-pinda. Ukitikisa chombo, hukimbilia chini, kisha hurudi juu kuvuta hewa. Hivi havikutoka ziwani: mbu alitaga mayai humo nyumbani mwako. Wakati wa joto, yai huwa mbu kamili baada ya siku 7 hadi 14.

3. Konokono wadogo. Huja na majani ya majini au tope la ufuoni. Aina fulani za konokono wa ziwani hueneza kichocho. Basi msitumie tope la ufuoni kupandia mimea.

KWA NINI TUJALI?

Viroboto wa maji hawaudhuru mmea, lakini wanatoa habari: maji hayo ni ya ziwani au ya kisima kilicho wazi, na hayajatiwa dawa. Je, maji ya kunywa ya watoto yanatoka dumu lilo hilo? Vijidudu vya kipindupindu hupenda kujishikiza kwenye miili ya viroboto hao. Mwaka 2023 kipindupindu kilifika Nchelenge, na mlipuko uliofuata nchini Zambia hadi mwaka 2024 uliua watu zaidi ya 700.

Huko Bangladesh, akina mama wa vijijini walifundishwa kuchuja maji kwa kitambaa kikuukuu cha sari kilichokunjwa mara kadhaa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2003: wagonjwa wa kipindupindu walipungua karibu nusu. Kitambaa kikuukuu kinafaa zaidi kwa sababu nyuzi zake zimelegea na kuziba matundu. Kitenge au kanga kuukuu inaweza kutumika vivyo hivyo.

FANYENI HIVI

- Chujeni maji ya kunywa kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara 4 au zaidi. Baadaye kigeuzeni, kisuuzeni na kukianika juani.
- Kuchuja peke yake hakutoshi. Baada ya kuchuja, chemsheni maji, au tieni klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na kusubiri dakika 30.
- Mwageni maji ya visahani na kubadili maji ya chupa kila baada ya siku 3. Visugueni kwa ndani, kwa kuwa mayai ya mbu wengine hushikamana ukutani mwa chombo.
- Mwageni maji hayo kwenye udongo mkavu, si karibu na kisima wala penye maji ya kunywa.
- Funikeni madumu na mapipa.

Mbu wa malaria hupenda zaidi madimbwi na mabwawa ya nje, na Nchelenge ina malaria mwaka mzima. Kwa hiyo kumwaga maji ya kisahani hakuondoi haja ya chandarua. Laleni ndani yake kila usiku, watoto na akina mama wajawazito kwanza.

Mtu akiharisha maji mengi mfululizo, mpeni maji yenye chumvi za kuharisha na kumpeleka kliniki mara moja. Msingoje asubuhi.

Mimea yenu endeleeni kuitunza. Ni kiungo cha mboga na ni chai ya jioni. Kinachotakiwa ni kuyaangalia maji yake.