DATSUN: MOTOKAA YA BEI NAFUU NA MIKONO ILIYOIUNDA

Watu wa makamo katika nchi zetu hawahitaji kuelezwa Datsun ni kitu gani. Wanaikumbuka pikapu iliyobeba magunia na watu pamoja. Wanakumbuka pia zile motokaa zilizopakaa matope toka taa za mbele hadi za nyuma, zikipita kwa kishindo siku za Pasaka katika mashindano ya Safari.

Jina hilo sasa halimo tena katika motokaa mpya. Liliondolewa mara ya kwanza kati ya 1981 na 1986, likafufuliwa, kisha likaondolewa tena mwaka 2022. Hata hivyo historia yake inatuhusu sisi wafanyakazi wa viwandani na mashambani. Datsun ilisifiwa kwa mambo mawili: bei ndogo na utamu wa kuendesha. Sifa hizo ni za kweli. Lakini mfanyakazi akisikia kitu ni cha bei ndogo, ana haki ya kuuliza: punguzo hilo limetoka mfukoni mwa nani?

MWANZO WAKE

Mwaka 1911 mhandisi Masujiro Hashimoto alifungua karakana ya motokaa mjini Tokyo. Mwaka 1914 akatoa motokaa aliyoiita DAT. Hizo zilikuwa herufi za kwanza za majina ya watu watatu waliomsaidia kwa fedha: Den, Aoyama na Takeuchi.

Mwaka 1931 ikaundwa motokaa nyingine ndogo zaidi, ikapewa jina la Datson, maana yake kwa Kiingereza ni mwana wa DAT. Kumbe katika Kijapani silabi hiyo ya mwisho husikika kama neno la hasara, na hakuna mfanyabiashara anayetaka kutangaza hasara juu ya bidhaa yake. Muda si mrefu ikabadilishwa kuwa Datsun, na mwisho wa jina ukawa na maana ya jua.

Udogo wa motokaa hiyo ulikuwa na sababu. Sheria ya Japani wakati ule ilimruhusu mtu kuendesha bila leseni motokaa yenye injini isiyozidi cc 500. Injini ya Datson ilikuwa na cc 495. Mwenye duka dogo aliweza kuinunua na kuiendesha siku ileile.

Baadaye tajiri Yoshisuke Aikawa aliichukua kazi hiyo, na kampuni yake ikaitwa Nissan mwaka 1934. Alinunua mitambo kutoka Marekani, akajenga kiwanda kikubwa Yokohama, na mwezi Aprili 1935 Datsun zikaanza kutoka kwenye mstari wa kuundia, moja baada ya nyingine. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, kampuni ikaunda malori ya jeshi. Baada ya vita, mwaka 1952, Nissan ilipatana na kampuni ya Austin ya Uingereza iunganishe motokaa za Austin nchini Japani. Katika kazi hiyo mafundi wa Kijapani walijifunza mengi, na waliyojifunza wakayatia katika Datsun.

SIKU MIA ZA MWAKA 1953

Hapa ndipo penye moyo wa habari yetu, na ndipo watangazaji wa biashara wanapoparuka.

Vita vilipokwisha mwaka 1945 vyama vya wafanyakazi vilikua upesi nchini Japani. Wafanyakazi wa Nissan, Toyota na Isuzu walikuwa katika chama kimoja cha motokaa cha nchi nzima. Tawi la Nissan ndilo lililokuwa na nguvu kuliko mengine, na kiongozi wake alikuwa Tetsuo Masuda. Nguvu hiyo haikuwa ya maneno tu. Kila karakana ilikuwa na kamati yake. Msimamizi akitaka watu wafanye kazi saa za ziada, au akitaka kumhamisha mtu sehemu nyingine, ilimbidi azungumze na kamati kwanza.

Mwaka 1953 chama kilidai nyongeza ya mishahara. Kampuni ilikataa, nayo ikatoa sharti lake: mtu asilipwe kwa muda anaoshughulikia mambo ya chama katika saa za kazi. Kwa maneno mengine, shabaha ilikuwa kamati za karakana. Katika uongozi wa kampuni, aliyesimama imara kuliko wote alikuwa Katsuji Kawamata, mtu aliyetoka benki na kushika mambo ya fedha pale Nissan.

Mvutano ulianza mwezi Mei. Tarehe 5 Agosti kampuni ilifunga milango ya viwanda na kuwazuia wafanyakazi nje. Siku chache baadaye Masuda akakamatwa. Kampuni iliweza kungoja kwa sababu mabenki yaliikopesha. Mfanyakazi hakuwa na benki nyuma yake. Alikuwa na mke, watoto na kodi ya nyumba.

Tarehe 30 Agosti, wakati milango ingali imefungwa, kikaundwa chama cha pili ndani ya kampuni ileile. Wengi wa waanzilishi wake walikuwa watu wa ofisini na wenye elimu ya chuo kikuu. Chama hicho kilisema kitashirikiana na kampuni ili ipate kustawi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kila siku iliyopita bila mshahara iliwasukuma watu wengine kuhamia upande wa pili. Tarehe 21 Septemba mgomo ukaisha, na chama cha Masuda kikawa kimeshindwa. Yeye mwenyewe alifukuzwa kazi. Mwezi Desemba 1954 chama cha motokaa cha nchi nzima kikavunjwa. Kawamata naye akawa rais wa kampuni mwaka 1957.

Kuanzia hapo Nissan ilikuwa na chama kimoja, chama cha kushirikiana. Tuseme haki: mishahara ilipanda miaka iliyofuata, na kazi nyingi zilikuwa za kudumu. Lakini ile sauti ya karakana, ya kusema mstari huu unakwenda mbio mno, au saa hizi za ziada zimezidi, ilinyamazishwa. Datsun zilizokuja kusifiwa duniani kote ziliundwa katika ukimya huo.

BARABARA MBAYA NDIYO SHULE

Sasa tuitazame motokaa yenyewe, maana mafundi wale walifanya kazi ya kusifiwa.

Mwaka 1958 Datsun mbili ziliingia katika mashindano ya kuizunguka Australia. Moja ikashinda katika daraja la injini ndogo. Kiongozi wa msafara huo alikuwa Yutaka Katayama, mtu wa idara ya matangazo aliyependa motokaa kuliko alivyopenda kiti cha ofisi. Mwaka 1960 alipelekwa Marekani. Datsun za mwanzo alizokuta huko zilikuwa ngumu kama lori na nzito kuondoka. Katika barabara kubwa za Marekani zilipitwa na kila kitu. Katayama alikwenda kwa wauzaji mmoja mmoja, akasikiliza malalamiko yao, akayaandika kwenda Japani.

Jibu lilipatikana mwaka 1967 katika Datsun 510, ambayo sehemu nyingine iliitwa Bluebird au Datsun 1600. Kwa soko la Marekani Katayama alishikilia iwe na injini ya cc 1600, wala si ndogo zaidi. Shafti ya kusukuma valvu iliwekwa juu ya silinda, kwa hiyo injini ilizunguka kwa wepesi bila kulalamika. Tena kila gurudumu lilikuwa na springi zake lenyewe, hata ya nyuma. Dereva yeyote aliyepita barabara ya mashimo ataelewa faida yake: gurudumu moja likitumbukia shimoni, la pili haliyumbishwi, na motokaa inabaki imeshika barabara. Mambo kama hayo watu walizoea kuyaona katika motokaa za Ulaya za bei kubwa. Hii huko Marekani iliuzwa chini ya dola 2,000.

Ndiyo maana watu waliipenda. Ilikuwa nyepesi, gia zikiingia bila kulazimishwa, na usukani ukimtii dereva. Mtu wa mshahara wa kawaida aliweza kuionja furaha ambayo zamani ilikuwa ya matajiri. Mwaka 1969 ikafuata 240Z, motokaa ya watu wawili yenye injini ya silinda sita, kwa bei ya chini sana kuliko motokaa za mbio za Ulaya.

SAFARI

Kipimo kikubwa kilikuwa kwetu Afrika ya Mashariki. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, mwaka uleule wa mgomo, na katika miaka ya mwanzo yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Nissan iliingia mara ya kwanza mwaka 1963 na kupata fundisho chungu. Mafundi wao walirudi tena na tena, wakitazama kilichovunjika na kukiimarisha.

Mwaka 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa Datsun 1600 SSS. Mwaka 1971 watu hao hao wakashinda tena, safari hii kwa 240Z. Mwaka 1973 akaja Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, wa familia ya wenye mashamba makubwa, aliyekuwa ameondoka nchini mwake baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972. Yeye na Harry Källström wa Sweden, aliyekuwa pia katika Datsun, walimaliza wakiwa sawa kwa pointi. Ikabidi waamuzi watazame nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata pointi ya kwanza ya adhabu, na Mehta akapewa ushindi. Kisha akashinda mara nne mfululizo, 1979, 1980, 1981 na 1982, zote kwa motokaa za Nissan. Hakuna dereva mwingine aliyeshinda Safari mara tano wakati wake.

Picha za ushindi huo ziliuza motokaa nyingi. Mnunuzi alijiambia: kama imestahimili matope yale, itastahimili na barabara ya kijijini kwetu. Pikapu zake ndizo zilizoishi zaidi. Kule Rosslyn, karibu na Pretoria, pikapu ndogo ya aina hiyo iliendelea kuundwa hadi mwaka 2008, kwa sababu fundi yeyote mwenye spana chache aliweza kuitengeneza.

URAHISI ULIOZIDI

Mwaka 1981 Nissan ilitangaza kwamba jina la Datsun litaondolewa, motokaa zote ziitwe Nissan. Kazi hiyo ilimalizika mwaka 1986. Mwaka 2013 jina likarudishwa kwa ajili ya wanunuzi wa kipato kidogo wa India, Indonesia, Urusi na Afrika Kusini. Lakini bei ilikuwa imekatwa mahali pasipofaa. Mwezi Novemba 2014 shirika la Global NCAP liligongesha Datsun Go ya India kupima usalama wake, ikapata nyota sifuri, na bodi yake ikaonekana kuwa dhaifu. Masikini aliuziwa bei nafuu, na tofauti angeilipa kwa mwili wake siku ya ajali. Mwaka 2022 jina likaondolewa tena.

Na wale waundaji? Mwezi Oktoba 1999 Nissan, ikiwa katika madeni makubwa, ilitangaza kupunguza nafasi za kazi 21,000. Kiwanda cha Murayama kiliacha kuunda motokaa mwaka 2001. Mwezi Mei 2025 ikatangazwa tena, safari hii nafasi 20,000 duniani. Mwezi Julai mwaka huohuo kampuni ikasema kwamba kiwanda cha Oppama, kilichofunguliwa mwaka 1961 na kuunda Bluebird nyingi, kitaacha kuunda motokaa mwishoni mwa mwaka wa fedha wa 2027.

TUNAJIFUNZA NINI

Hatusemi kwamba mgomo wa 1953 ungefaulu kila kitu kingekuwa kizuri. Biashara ya motokaa hupanda na kushuka, na kampuni isiyouza haiwezi kulipa mshahara. Tunasema jambo dogo zaidi. Motokaa nzuri ya bei ndogo inawezekana. Datsun 510 ni ushahidi wake. Iliwezekana kwa sababu mtu mmoja alisikiliza malalamiko ya wauzaji, na mafundi wakajifunza kutokana na kila springi iliyovunjika njiani. Lakini katika karakana, aliyesema kazi imezidi hakupata msikilizaji wa namna hiyo baada ya Septemba 1953.

Hali hiyo inamhusu kila mmoja wetu, awe anachuma chai, anakata mkonge au anasimama kwenye mashine ya kusokota nyuzi. Bei ya bidhaa hupangwa mbali nasi, lakini mwendo wa mashine na uzito wa kapu tunaujua sisi. Kamati ya mahali pa kazi ndiyo mlango ambao ujuzi huo hupitia. Mwajiri akitaka kuufunga mlango huo kwa ahadi ya nyongeza, au akimtafuta mwenzetu wa kuufunga kwa niaba yake, tuwakumbuke wenzetu wa Yokohama. Wao walirudi kazini, wakaunda motokaa iliyoshangaza dunia, lakini hawakuulizwa tena mstari uende mwendo gani.