Oili Nzito au Nyepesi? Gari Likiwa na Waranti, Kitabu Ndicho Kinachoamua

Mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, jirani na mji wa Kahama, ulianza uzalishaji mwaka 2009. Leo uchimbaji umekwisha na eneo lake linageuzwa kuwa ukanda maalumu wa kiuchumi, lakini magari ya kazi bado ni mengi: pikapu za wakandarasi zinazokwenda migodi ya Bulyanhulu na Geita, na malori yanayotoka Isaka kuelekea Rusumo. Miongoni mwa magari hayo yapo mapya kabisa, yaliyonunuliwa kwa wakala na bado yana waranti. Mwenye gari akifungua kitabu cha maelekezo anakuta 0W-20 au 5W-30. Akifika gereji ya mtaani anaambiwa kwamba oili hiyo ni kama maji, na kwamba kwa joto la huku aweke 40 au 50. Nani asikilizwe?

Tuanze na namba zenyewe. Zimepangwa na SAE, chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, katika kiwango kinachoitwa J300. Namba iliyo kabla ya herufi W inaeleza oili inavyotiririka kwenye baridi kali. Oili ya 0W hupimwa kwenye nyuzi 35 chini ya sifuri, ya 5W kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, na ya 15W kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Kahama haijui baridi ya namna hiyo. Namba ya pili inaeleza uzito wa oili injini ikiwa ya moto, kwenye nyuzi 100. Hapo oili ya 20 ina mnato wa sentistoki 6.9 hadi 9.3, ya 30 ni 9.3 hadi 12.5, ya 40 ni 12.5 hadi 16.3, na ya 50 ni 16.3 hadi 21.9. Kipo pia kipimo cha nyuzi 150, kinachoonyesha kama oili inabaki na utando wa kutosha pale beringi zinapobanwa sana: kiwango cha chini ni 2.6 kwa oili ya 20, 2.9 kwa ya 30, na 3.5 au zaidi kwa ya 40.

Kwa hiyo fundi hajakosea anaposema oili nzito huacha utando mnene zaidi. Kosa liko kwenye sababu anayoitoa, yaani joto la hewa. Injini ina themostati na rejeta, na kazi yao ni kuyaweka maji ya kupoozea kwenye kiwango kilekile, kwa kawaida nyuzi 80 hadi 90 na kidogo, iwe nje kuna nyuzi 18 alfajiri au nyuzi 32 saa nane mchana. Kinachoipandisha oili joto kuliko kitu kingine ni mzigo: kuvuta tela, kupakia kupita kiasi, kupanda mlima kwa gia ndogo, au kukimbia kasi kubwa kwa muda mrefu. Mtu anayepeleka watoto shule Kahama mjini na mkandarasi anayevuta kompresa kwenda Geita wanaishi kwenye jua moja, lakini oili zao hazifanyi kazi moja.

Ushauri wa kuweka 40 au 50 ulitoka kwenye injini zilizotumika sana. Ringi zikilika na beringi zikipanuka, oili nyepesi huvuja kwa urahisi na presha hushuka, basi oili nzito humsaidia mwenye gari kusogeza siku. Injini mpya ina mianya midogo iliyopimwa kwa oili nyepesi. Ina pia vifaa vinavyoendeshwa na presha ya oili, kama mfumo wa VVT-i wa Toyota unaobadilisha muda wa kufunguka kwa valvu, na kikaza cheni ya injini. Tabo nayo huzunguka kwa kasi kubwa mno na inahitaji oili ifike mapema mara tu injini inapowashwa. Asubuhi injini ikiwa ya baridi, 20W-50 huwa nzito zaidi ya mara tatu kuliko 0W-20, na huchelewa kufika juu kwenye kamshafti. Sehemu kubwa ya kulika kwa injini hutokea katika dakika hizo za mwanzo. Presha kubwa kwenye geji haimaanishi kwamba oili inafika kwa wingi. Mara nyingine inaonyesha kwamba oili inapita kwa shida.

Ni kweli pia kwamba watengenezaji wamekwenda kwenye oili nyepesi kwa sababu ya mafuta. Sheria za Marekani, Japani na Ulaya zimewabana wapunguze ulaji wa petroli na dizeli, na oili nyepesi huokoa kiasi kidogo kwenye kila gari. Ndiyo maana gari moja linaweza kuandikiwa oili nyepesi tu katika nchi moja, na nchi nyingine kitabu chake kikaruhusu namba kadhaa. Hapa ndipo mwenye gari jipya anapopaswa kusoma kwa makini. Vitabu vingi vya magari yanayouzwa Afrika vina jedwali la joto lenye oili zaidi ya moja. Baadhi ya vitabu vya Toyota huongeza kwamba oili yenye namba ya juu zaidi inaweza kufaa kwa gari linalokimbia kasi kubwa au linalobeba mzigo mzito sana. Kama jedwali la gari lako linaruhusu 0W-20 na 5W-30, na kazi yako ni kuvuta tela, chagua 5W-30 bila wasiwasi. Bado uko ndani ya waranti. Ukiruka hadi 20W-50 ambayo haimo kwenye jedwali, umetoka nje.

Waranti ni ahadi ya kurekebisha kasoro ya kiwandani. Hailipii kila uharibifu. Injini ikifa ndani ya muda wake, wakala ataomba kumbukumbu za sevisi na ataangalia oili iliyotumika. Sheria ya Marekani ya mwaka 1975 inayoitwa Magnuson-Moss inamkataza mtengenezaji kumlazimisha mteja atumie chapa fulani ya oili ili waranti isimame, isipokuwa akimpa oili hiyo bure au akipewa ruhusa maalumu. Lakini hata sheria hiyo haimzuii kudai kiwango sahihi. Chapa na kiwango ni vitu viwili tofauti. Kwa Tanzania, mteja anayeona amedhulumiwa anaweza kupeleka malalamiko Tume ya Ushindani, ila malalamiko bila karatasi hayana miguu. Ukitaka kutumia oili isiyomo kwenye kitabu, mwandikie wakala, mweleze kazi ya gari, na uombe jibu la maandishi.

Uzito peke yake hautoshi. Nyuma ya kopo tafuta alama ya ubora. Kwa injini za petroli, API SP ilianza kutumika mwaka 2020, na pamoja na mambo mengine inalinda injini ndogo zenye tabo dhidi ya mlipuko wa mapema ndani ya silinda. Kwa dizeli kuna CI-4 na CK-4, na magari yenye kichujio cha moshi kwenye ekzosi yanahitaji oili yenye majivu kidogo. Oili ya lori, hata ikiwa safi kabisa, si lazima ifae kwenye gari dogo la petroli. Na oili inayopimwa kwa lita kutoka kwenye pipa lisilo na lebo haina namba yoyote unayoweza kumwonyesha wakala.

Sasa tuje kwenye adui mkubwa kuliko namba. Barabara ya Kahama hadi Bulyanhulu na Kakola kwa miaka mingi ilikuwa ya changarawe, na vumbi la ukanda huu ni mchanga laini unaosaga chuma. Likipita kwenye filta ya hewa iliyochakaa, hakuna oili nzito itakayookoa ringi. Migodini wanalijua jambo hili: sampuli ya oili hupelekwa maabara, na silikoni ikipanda, mafundi wanajua vumbi limeingia. Adui wa pili ni kuacha injini ikinguruma saa nzima getini kwa ajili ya kiyoyozi. Kilomita hazisogei, lakini oili inachoka. Vitabu huyaita mazingira haya magumu, na mara nyingi hupunguza muda wa sevisi hadi nusu, kwa mfano kutoka kilomita 10,000 hadi 5,000. Mwenye gari wa Kahama anayesubiri kilomita 10,000 anaweza kuwa amevunja sharti la waranti hata akiwa ametumia oili sahihi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nunua oili na filta kwenye duka linalotoa risiti ya EFD, hakikisha kizibo hakijafunguliwa, na andika tarehe, kilomita, namba ya oili na kiwango chake. Karakana ya wakala ikiwa mbali, tuseme Mwanza, muulize kwanza kama anakubali sevisi ya gereji nyingine na kwa masharti gani. Weka kwenye gari lita moja ya oili ileile ya kuongezea, ili usilazimike kuchanganya na chochote kinachouzwa barabarani.

Uamuzi wangu ni huu: waranti ikiwa hai, tumia oili iliyomo kwenye kitabu cha gari lako, na kazi ikiwa nzito panda hadi namba ya juu ambayo kitabu hichohicho kinaruhusu. Fedha unayotaka kutumia kununua oili nzito zaidi, itumie kubadili oili mapema na kununua filta nzuri ya hewa. Waranti ikiisha na injini ikianza kuchoka, hapo ndipo ushauri wa fundi kuhusu 40 utakapokuwa na nafasi yake.