Najifunza Kikamba Utu Uzimani

Sisi watu wa pwani tumezoea kufuatwa. Mgeni akishuka Mombasa, awe ametoka bara au ng'ambo, haupiti muda ila atatusalimu kwa Kiswahili. Nasi humwitikia, tukamsahihisha matamshi, tukaona kuwa hivyo ndivyo dunia ilivyoumbwa. Ni nadra kumwona mzee wa Mji wa Kale, mwenye mvi kama zangu, ameshika daftari na kalamu akisomea lugha ya jirani. Mimi daftari hilo ninalo mwaka wa pili sasa, na lugha ninayoisomea ni Kikamba.

Sababu ni ya nyumbani. Mwanangu ameoa Mutomo, kule Kitui ya kusini. Mkaza mwanangu Kiswahili chake ni safi, lakini bibi yake mzaa mama hajui ila Kikamba. Siku ya kwanza tulipokwenda kujuana, bibi huyo alisema nami kwa muda wa kumaliza vikombe viwili vya chai. Alipotua, kijana aliyekuwa akifasiri akanigeukia na kuniambia: "Anasema karibu sana." Nikajua hapo kwamba shehena nzima imebaki melini, na mimi nimepewa kikapu kimoja tu. Mtu aliyekula ujana wake akipanga maneno kwa vina na mizani hawezi kuridhika na kikapu hicho.

IRABU SABA

Chuoni nilianza na irabu tatu: fataha, kisiri na dhuma. Kiswahili kina tano, na ndiyo maana wazee wetu walioandika tenzi kwa herufi za Kiarabu walipata taabu kutenga e na i, au o na u. Kikamba kina irabu saba. Zile mbili za ziada huandikwa ĩ na ũ. Ya kwanza husimama baina ya i na e, ya pili baina ya u na o, na sikio la pwani huzipita zote mbili bila ya kuzigundua. Juu ya hayo, sauti hupanda na kushuka, na mpando huo una maana yake. Kiswahili hakikutuzoesha jambo hilo.

Lakini aliyekaa mkekani mbele ya mwalimu wa tajwidi ana akiba yake. Tulifunzwa kuijua kila herufi inapotokea, kooni, ulimini au midomoni. Basi th ya Kikamba haikunishinda, kwa kuwa ni dhali yetu. V yao ndiyo yenye kazi, maana hutolewa kwa midomo miwili bila ya meno kugusa. Kikamba nacho hakina r wala h. Kwa hiyo Mkamba aliyefika mjini jana huzisaka herufi hizo kwa jasho, na vijana wetu wakamcheka. Na waje Mutomo wajaribu hiyo v, tuone nani atamcheka nani.

MANENO YALIYOTUPOTEA

Ndugu wasomaji, faida kubwa niliyoipata sikuitarajia. Katika Kikamba nimekutana na Kiswahili cha wazee wangu.

Leo tunahesabu sita, saba, tisa, maneno tuliyoyapokea kwa Waarabu. Mkamba husema thanthatũ kwa sita, na kenda kwa tisa. Wapenzi wa mashairi wataruka kwa furaha, kwani kenda ndiyo tisa yetu ya kale, na tandatu ndiyo sita yetu iliyosahauliwa. Maneno hayo tunayaacha kabatini pamoja na miswada iliyoliwa na mchwa, kumbe Mutomo mtoto wa chekechea anahesabia mbuzi.

Tazama tena. Kiswahili cha vitabuni husema njia, njaa, nje. Kiamu husema ndia, ndaa, nde. Kikamba husema nzĩa, nzaa, nza. Ukishaishika kanuni hiyo moja, maneno huja yenyewe kama kuku walioitwa kwa mtama. Mji wetu kwao ni mũsyĩ, ila kwao neno hilo lina maana ya nyumbani, penye jiko na wazazi. Na redio yao mashuhuri, Musyi FM, ndiyo imekuwa mwalimu wangu wa alfajiri. Mtu ni mũndũ, watu ni andũ. Mwenyezi Mungu, pamoja na majina mengine, humwita Mũmbi, na asiyesikia humo Muumba ana nta masikioni.

Neno lililonikaa zaidi ni nthoni. Maana yake ni haya, ile haya ya heshima. Washairi wetu wanayo soni, ndugu yake. Na mkwe kwa Kikamba ni mũthoni, kama kwamba lugha yenyewe inakukumbusha kuwa aliyeoana na watu wako umchunge kwa haya.

Yapo pia maneno ya kumtega mgeni. Kwenda, kwa Kikamba, ni kutaka au kupenda. Mswahili akisikia nĩngwenda hudhani mtu anaaga, kumbe anaomba kitu, au anatamka mapenzi.

UJIRANI WA ZAMANI

Isidhaniwe kuwa ujirani huu ulianza na reli. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilishuka pwani na pembe za ndovu, ikarudi na nguo na shanga. Mjerumani Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 akajifunza Kiswahili, alikwenda hadi Kitui mwaka 1849 kwa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kikamba. Kutoka huko, tarehe 3 Desemba, aliuona mlima ambao jina lake, alilotajiwa na Wakamba, ndilo jina la nchi yetu leo. Mwaka wa pili wake, 1850, Injili ya Marko ilichapwa kwa Kikamba huko Ujerumani. Yeye alikuwa na dini yake na haja yake. Mimi nazungumzia daftari lake tu. Mtu wa mbali alizisoma lugha mbili za majirani, na majirani wenyewe mmoja tu ndiye aliyesoma ya mwenziwe.

Wala lugha hii si ya sokoni peke yake. Mwanachuoni John Mbiti, aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931 na kufariki mwaka 2019, alitoa kitabu cha hadithi kwa Kikamba, Mutunga na Ngewa Yake, mwaka 1954. Ngewa ndiyo hadithi.

BIBI ALISEMA NINI

Novemba iliyopita nilikwenda tena Mutomo. Kutoka Mombasa unashuka Kibwezi, unaacha barabara ya Nairobi, unavuka mto Athi, unapita Ikutha. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza, mibuyu imevaa majani, na watu wako shambani na ndengũ, hizi tunazoziita pojo.

Nikamsalimu: "Ũvoo waku, mwaitũ?" Akaitika: "Nĩ mũseo." Kisha akazungumza, mara hii polepole. Kikamba hutenga kwa kitenzi jambo la leo, la jana, na la zamani za kale, mahali ambapo sisi tunalo "li" moja tu. Basi kabla sijakusanya maneno yote nilikwisha kujua kwamba hadithi ni ya miaka mingi. Mumewe alifanya kazi bandarini Mombasa. Alifia huko, akazikwa huko, naye bibi hakupata nauli ya kwenda kuliona kaburi. Hayo ndiyo aliyonieleza siku ile ya kwanza, yakafasiriwa kuwa "karibu sana". Na alikuwa na swali: je, pale walipomlaza, bahari yaonekana?

Nilimjibu kwa maneno niliyokuwa nayo, kwamba Mombasa ni kisiwa, na manzĩ, yaani maji, yameizunguka pande zote. Akanyamaza kitambo, akasema: "Nĩ mũvea." Ahsante.

Tumesoma katika Surat Rum kwamba kutofautiana kwa ndimi zetu kumehesabiwa miongoni mwa ishara za Mola. Ishara huwekwa ili isomwe. Mwalimu wangu wa kila siku ni mjukuu wa nyumba ile, mtoto wa miaka kumi, ambaye hunisahihisha kwenye simu bila ya huruma. Na kila mtaa wa Mombasa, kuanzia Changamwe hadi Likoni, una walimu kama yeye wasiodai ada. Aliye na jirani Mkamba, Mluo au Mtaita, aanze na salamu, kisha hesabu hadi kumi. Mengine yatafuata.

Lugha ni daraja njema, ya kuvukia mitoni,
Asoivuka hukwama, akabakia ng'amboni,
Bibi wa watu asema, simjibu nina nini?
Sasa ulimi natuma, ukasome kwa jirani.